Taro wa Ghorofa ya Nne

Bomba lilikuwa refu kuliko Kozue mwenyewe. Alilibeba begani kama mtu abebavyo ngazi, ncha moja mbele, nyingine nyuma, akapita nalo katikati ya mtaa wa maduka wa Tenma siku ya Jumapili, wakati ambao watu wote wa Osaka huonekana kama wameambiana wakutane hapo. Mbele aliangalia vizuri. Nyuma hakuwa na macho. Alipogeuka kuitazama sketi moja iliyotundikwa mlangoni mwa duka, ncha ya nyuma ilizunguka ikampiga kijana mmoja mkononi. Sahani yake ya vibumba vya unga vyenye nyama ya pweza ndani, vya moto, alivyokuwa amepanga foleni kuvipata, ikaanguka kifudifudi.

"Dada," alisema yule kijana akitazama chini, "bomba lako limekula chakula changu."

Kozue aligeuka upesi kumwomba radhi, na bomba likageuka naye. Kijana aliinama. Likapita juu ya kichwa chake.

"Sasa usigeuke tena," alisema akiwa bado ameinama. "Tuzungumze hivi hivi."

Kozue alicheka, ingawa uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. Alikuwa amevaa sketi ya rangi ya haradali aliyoikata mwenyewe, yenye mifuko mikubwa miwili, na kifuani kwenye aproni yake kulikuwa na pini zimechomekwa kwa safu. Kazi yake ilikuwa kurekebisha nguo za watu, kupunguza suruali na kupanua viuno, katika kibanda kidogo nyuma ya soko.

"Nitakununulia vingine, kaka."

"Na bomba atalishika nani?"

"Wewe. Likiwa mikononi mwako haliwezi kukupiga."

Kijana alilishika. Alikuwa mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, miwani ya mviringo yenye fremu nyembamba kama uzi. Alijitambulisha kuwa ni Ryohei Uemura, na kwamba anauza miwani katika duka lililoko mwisho wa mtaa huo huo. Walikula wamesimama pembeni ya kibanda cha pweza, bomba likiwa limeegemea ukuta kati yao kama mtu wa tatu.

"Unaenda kutengeneza choo?" Ryohei aliuliza.

"Naenda kupanda stroberi."

"Kwenye bomba?"

"Roshani yangu ni ndogo. Nikianika nguo napita kiubavuubavu. Chini hakuna nafasi, lakini juu ipo. Nitatoboa matundu kuanzia chini mpaka juu, kila tundu mche wake, maji namwagia kutoka kileleni."

"Stroberi haipandi juu, dada. Stroberi inatambaa."

"Ndiyo maana naipandisha mimi."

Ryohei alifungua mdomo, kisha akautumbukizia kibumba kizima. Alikuwa na mengi ya kusema. Wazazi wake walilima stroberi huko Asuka, mkoa wa Nara, na yeye alikuwa mzaliwa wa kwanza. Kwetu msichana wa mjini anaweza kumvumilia mwanaume asiye na kazi, lakini mtoto wa kwanza wa mkulima anamkimbia, maana anajua siku moja ataitwa kurudi kwenye matuta, na mke ataenda naye kuishi na mama mkwe. Ryohei alikuwa ameshakimbiwa mara mbili. Wa kwanza aliacha kupokea simu. Wa pili alimwambia wazi kwamba hakuzaliwa kuvaa mabuti. Kwa hiyo siku hiyo, mbele ya msichana wa sketi ya haradali, alisema tu:

"Mimi sijui. Mimi nauza miwani."

"Basi nitakufundisha," alisema Kozue. "Una drili?"

"Ninayo."

Hakuwa nayo. Aliinunua kesho yake.

Jumapili iliyofuata alipanda ngazi mpaka kwa Kozue, ghorofa ya nne, akiwa na drili mpya ndani ya mfuko wa zamani. Bomba lilisimamishwa kwenye roshani kando ya dirisha, likafungwa kwa mikanda ya suruali ambayo wateja hawakurudi kuichukua. Ryohei alitoboa, Kozue alijaza udongo na kupachika miche. Alizika kila mche mpaka shingoni, pale majani yanapoanzia, akiukandamiza kama anayefunga kifungo.

"Labda shingo isizikwe," Ryohei alisema taratibu. "Nimesoma mahali fulani."

"Wewe uza miwani, Bwana Uemura."

Kozue alipoingia ndani kuchemsha chai, Ryohei aliinyanyua miche yote, mmoja mmoja, kidogo tu, shingo zikapata hewa. Miche ikastawi vizuri. Kozue alimsimulia kila mtu kazini kwamba ana mkono wenye baraka ya kuotesha.

Mwezi wa Mei tunda la kwanza liliiva. Lilikuwa dogo, jekundu mpaka kwenye kikonyo, na Kozue alilikata kwa mkasi wa kushonea, kisha akaligawa.

"Nusu yangu ni kubwa kuliko yako," Ryohei alisema.

"Ni ya mgeni."

"Mpaka leo mimi ni mgeni?"

Kozue aliitazama ile nusu, akamtazama Ryohei, akamlisha kwa mkono wake. "Sasa si mgeni. Wageni hawalishwi."

Tangu siku hiyo hakumwita Bwana Uemura tena. Alimwita Ryohei, na akifurahi alimwita Miwani. Ryohei naye alimwita Fundi. Mvua za Juni zilipoanza, simu hazikukatika.

"Haloo, hospitali ya stroberi hapa."

"Daktari, majani yana madoa."

"Pole. Mgonjwa anakula?"

"Anakunywa mvua tu. Njoo umwangalie."

"Anayeniita ni mgonjwa au mwenye mgonjwa?"

"Acha maneno, Miwani. Njoo, na upitie vibumba vya pweza."

Wakati wa joto miche ilitoa kamba. Kila mche ulishusha kamba nyembamba, na kwenye kamba vikaota vichwa vya majani, kimoja baada ya kingine. Bomba lote likawa kama mwanamke aliyefumua nywele. Kozue hakujua la kuzifanya. "Ni nzuri," alisema. "Ziache zining'inie."

Ndipo ikaja ile simu.

Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, mchana, joto halijatoka. Ryohei alikuwa roshanini, mgongo kwa dirisha, simu sikioni. Kozue alikuwa anakuja na chai baridi ya shayiri, amevaa gauni jeupe la kitani alilolimaliza kushona siku hiyo, akitaka alione. Alisikia sauti yake kabla hajafika mlangoni.

"Hapana, Mama, usimhurumie Taro. Mtupe tu."

Kozue alisimama.

"Najua ni mkubwa kuliko wenzake. Lakini yule yuko karibu mno na mama yake, ugonjwa wa mama yake atakuwa nao. Mtupe." Akasikiliza. "Ndiyo. Jiro na Saburo ndio nitakaowachukua mimi. Hao wawili wanatosha." Akacheka. "La, hajui. Nitamwambia siku moja."

Majina hayo hayahitaji maelezo kwetu. Taro ni mtoto wa kwanza wa kiume, Jiro wa pili, Saburo wa tatu. Kozue alikuwa na miaka sita baba yake alipohamia Nagoya, akaoa huko, akapata watoto wawili, akawalea hao. Kwa Kozue hakurudi hata siku moja. Hilo hakuwahi kumwambia Ryohei, wala mtu yeyote. Alilikunjia ndani kama pindo la suruali.

Ryohei alipogeuka alimkuta amesimama.

"Nimesikia simu," Kozue alisema. "Nimejua ulichokuwa ukinificha."

Rangi ilimtoka Ryohei usoni. Mara moja aliwaza shamba. "Kozue, nilitaka kukwambia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya bomba. Niliogopa utaondoka."

"Uliogopa sawasawa. Isipokuwa hapa ni kwangu, kwa hiyo atakayeondoka ni wewe."

"Nisikilize kwanza. Mambo haya hayakuanza na mimi. Mzaliwa wa kwanza hana la kuchagua."

Alikuwa anajisema mwenyewe, na matuta yanayomngoja. Lakini Kozue alisikia mengine kabisa.

"Hana la kuchagua," alirudia polepole. "Wanamchagulia wengine, sivyo? Nenda zako, Bwana Uemura."

Jina hilo lilimpiga kuliko bomba. Ryohei alivaa viatu vyake bila kufunga kamba, akashuka. Ni wa tatu huyu, alijiambia kwenye ngazi. Hakupiga simu, maana aliyekimbiwa mara mbili anajua simu haisaidii. Na Kozue, aliyeapa kwamba hatapokea, alikasirika kila siku ambayo simu haikulia.

Kazini alipunguza suruali ya mteja mguu mmoja mara mbili, na wa pili akausahau.

"Huyu mteja ana mguu mmoja mfupi?" aliuliza Dada Fumie, mwenye kibanda, akiinyanyua.

"Samahani, dada."

"Mimi si wa kuombwa samahani. Ulimwuliza yule wa miwani, au ulimfukuza tu?"

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Masikio yako mbona hata mimi huwa hayanisikii."

Kozue aliichukua suruali, akaanza kuufumua ule mguu. Mwezi wa Oktoba ulipoingia, miche ya zamani ilikuwa imechoka, majani yamekauka pembeni. Alijisemea kwamba mapenzi yamekwisha, stroberi hazijakwisha, akaenda kununua miche mipya kwenye duka la mimea karibu na stesheni. Alikwenda moja kwa moja kutoka kazini, aproni na pini zake kifuani. Mama muuzaji alikuwa amepanga vikopo vyeusi kwenye meza.

"Chagua utakao, binti. Hapa ni Jiro na Saburo watupu. Taro sinunui wala siuzi. Wote nimeshawatupa."

Kozue alidhani hajasikia vizuri. "Umemtupa nani?"

"Taro. Hujui? Kamba ya stroberi ikitoka kwa mama, kichwa cha kwanza ni Taro. Anayefuata Jiro, kisha Saburo. Taro yuko karibu mno na mama, anarithi magonjwa yake. Kila mkulima anamtupa. Jiro na Saburo ndio wa kupanda." Alimtazama Kozue usoni. "Binti, umepatwa na nini? Kaa hapo kwenye mifuko ya udongo."

Kozue alikaa. Alianza kucheka, na kicheko kikamtoa machozi, mpaka mama yule akamletea maji.

Alinunua vikopo viwili, akakimbia navyo mtaani. Katika duka la miwani, Ryohei alikuwa anamvalisha mzee mmoja miwani mipya, akiirekebisha nyuma ya masikio. Aliinua kichwa. Miwani yake mwenyewe ilikuwa mipya, fremu nyeusi nzito, kama mtu aliyetaka kujificha nyuma ya kitu.

"Karibu, mteja," alisema, sauti ikiwa ndogo.

"Nimekuja kupimwa macho," Kozue alisema. "Na masikio, kama mnapima. Nilisikia habari za mche nikadhani ni mtoto."

Ryohei alivitazama vile vikopo. Akamtazama yeye. "Mtoto gani?"

"Taro."

Ryohei aliketi kwenye kiti cha wateja, mikono kichwani. "Ulidhani nina mtoto?"

"Watatu. Na mmoja umeagiza atupwe."

Mzee aligeuza shingo, miwani bado imekaa upande. "Kijana, una watoto watatu na hujaoa?"

"Sina hata mmoja, babu."

"Basi nenda kazungumze naye nje. Mimi nitasubiri. Hata hivyo sioni."

Walisimama mahali pao, pembeni ya kibanda cha pweza. Hakuna aliyenunua. Kozue alizungumza akiwa ameangalia vikopo.

"Baba yangu ana watoto wawili Nagoya. Hao amewalea, amewasomesha. Mimi nilizaliwa kabla yao. Kwa hiyo ukisema Taro atupwe, unanisema mimi. Mimi ndiye Taro."

Ryohei alitaka kumshika mkono, mkono ulikuwa na kikopo. Akashika kikopo.

"Sikujua," alisema.

"Sikukwambia. Na wewe? Kama si mtoto, ulikuwa unanificha nini? Maana ulikiri."

Akamweleza. Asuka, nyumba za plastiki zinazong'aa jua likitoka, mama yake anayelima peke yake na vibarua tangu baba yake aanze kuumwa mgongo, wasichana wawili waliokimbia. Kozue alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Ngoja. Umekulia kwenye stroberi?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikawa nakufundisha stroberi."

"Ulikuwa unafundisha vizuri. Sikutaka kukukatiza."

"Ile miche niliyoizika mpaka shingoni ikapona yenyewe?"

Ryohei alitazama angani.

"Ulikuwa unaifukua. Nikienda kupika chai ulikuwa unaifukua."

"Kidogo tu."

"Na ukadhani nimekufukuza kwa sababu ya matuta, ukanyamaza. Hukuja hata kuniuliza."

"Na wewe hukuniuliza Taro ana umri gani."

Walitazamana. Kosa lilikuwa nusu kwa nusu, kama lile tunda, na kila mmoja alijua nusu yake haikuwa ndogo.

"Siku moja mama atataka nirudi," Ryohei alisema. "Sijui nitamjibu nini. Hilo ndilo nililokuwa nalo. Sasa unalijua."

"Mimi pia sijui kama nitaweza kuishi Asuka," alisema Kozue. "Pengine nitaweza, pengine sitaweza. Lakini uniulize mimi, nikiwa nimeshapaona. Usinijibie."

"Sitakujibia tena."

"Na usiifukue miche yangu bila kuniambia."

"Hata ikizikwa shingo?"

"Niambie shingo imezikwa. Nitakukatalia, halafu nitaifukua mwenyewe."

Jumapili iliyofuata Ryohei alipanda ghorofa ya nne na mfuko wa karatasi. Alikuwa ametoka Asuka asubuhi ile. Ndani ya gazeti lenye unyevu kulikuwa na mche mmoja mkubwa, majani matatu, moja limevunjika.

"Nimemtoa kwenye lundo la taka la mama," alisema. "Wenzake wote walikuwa wamekauka. Huyu alikuwa bado anakazana. Mama amenicheka mpaka majirani wakatoka."

Kozue hakuuliza ni nani. Alimpokea kwa mikono miwili.

Siku hiyo Ryohei alifundisha waziwazi. Alimwonyesha kovu kwenye shingo ya kila mche, mahali kamba ya mama ilipokatwa. "Tunda hutoka upande wa pili wa kovu. Siku zote. Kwa hiyo kovu lielekee ndani ya bomba, matunda yatoke nje kwenye jua." Jiro na Saburo wakapandwa hivyo, kila mmoja kwenye tundu lake. Taro, Kozue alitaka kumpanda mwenyewe, bila mtu kumtazama. Ryohei aliingia kuchemsha chai. Kozue alimpanda Taro kileleni, mahali pa juu kabisa, na kovu akalielekeza nje, upande wa jua. Alifikiri kovu nalo linahitaji jua, lipone. Hakulisema.

Baridi ilikuja. Mwezi wa Januari Kozue alikwenda Asuka, mavuno yakiwa yamepamba moto ndani ya nyumba za plastiki. Mama yake Ryohei alimpa mabuti, yakawa makubwa, akayajaza magazeti. Walichuma pamoja wamechutama, wakizungumzia vitambaa, na mama yule akaleta suruali zake za kazini Kozue aziangalie viuno. Wakati wa kuagana alisema tu, "Mabuti nimeyaandika jina lako. Ukija tena yapo, usipokuja yapo." Hakumwambia jambo lingine, na Kozue alimpenda kwa hilo.

Machi Jiro na Saburo walitoa maua. Kozue aliyapitishia kila moja brashi laini ya kujipodolea, kusambaza chavua, ili yashike matunda. Taro hakuonekana kutoa kitu. Alijaa majani tu kule juu, mazito, yameegemea kioo cha dirisha, ambalo pazia lake Kozue hulifunga kwa sababu ya majirani wa ng'ambo. Mei ilipofika wenzake walikuwa wekundu kwa matunda. Yeye kijani tupu.

"Si kitu," Kozue alisema. "Hakuletwa hapa azae. Aliletwa akae."

Lakini Ryohei alimwona jinsi alivyokuwa akimtazama kila asubuhi kabla ya kuanika nguo.

Jumapili moja Kozue alikuwa roshanini anachuma, mikono imepandishwa, amevaa ile sketi ya haradali. Ryohei alikuwa chumbani anatafuta bakuli. Giza la ndani lilimsumbua, akavuta pazia.

Kozue alimsikia akicheka peke yake.

"Una nini wewe?"

"Fundi, njoo ndani."

"Mikono yangu ina udongo."

"Njoo hivyo hivyo."

Aliingia. Nyuma ya kioo, chini ya majani ya Taro, kishada kizima cha stroberi kilikuwa kimening'inia kuelekea chumbani, matunda yamegusa dirisha. Mengine mekundu, mengine yana upande mweupe mahali kioo kilipobana. Labda nyuki aliyapata maua yake kabla yao.

"Kovu lake uliliweka wapi?" Ryohei aliuliza.

"Nje. Lipate jua."

Ryohei hakucheka tena. Alisimama karibu naye, wote wawili wakitazama.

"Muda wote tunamhurumia," alisema, "na yeye anachungulia ndani. Anataka kuingia."

"Basi afunguliwe dirisha."

Ryohei akalifungua, akachuma moja, akalishika mbele ya mdomo wa Kozue lakini hakumlisha.

"Kibao cha mlangoni kwako kimeandikwa jina la ukoo wako, Hatano, peke yake," alisema. "Nimepanda ngazi hizi mwaka mzima, kila mara nakisoma. Nataka tuandike kipya, kiwe na jina moja letu sote. Jina la kwako au la kwangu, nitakubali. Kikae kwenye mlango huu, au wa Asuka, au popote tutakapokubaliana baadaye. Na sikujibii. Nakuuliza."

"Unaniuliza nini? Sema sawasawa."

"Utaolewa na mimi, Kozue?"

Kozue alilitwaa tunda kwa meno. Alitafuna taratibu, macho ameyafumba, uso ukakunjamana.

"Mchachu," alisema.

Ryohei alibaki na kikonyo mkononi.

"Nimesema mchachu. Sijasema hapana." Akameza. "Ndiyo, Miwani. Ndiyo."

Walikaa sakafuni chini ya dirisha, wakichuma kwa kunyoosha mkono tu, mpaka yakabaki yale mabichi. Ryohei aliuliza kama mwaka ujao wamgeuze Taro, atazame kwenye jua kama wenzake.

"Mwache," alisema Kozue, akimwegemea begani. "Huyu ameshazoea kututazama sisi."